GALONI NI DENI



Leo sisi makapita tunapenda kusema neno juu ya nidhamu na vyeo, zaidi katika kazi za serikali ambazo mtu anavaa nguo za namna moja na wenzake: jeshi, polisi, forodha na zinazofanana nazo. Juu ya nini tunasema neno hili sasa? Kwa sababu mtihani wa serikali unakaribia, na katika kalasi ya sita wamekuwa wengi wanaosema kwamba wakipata diploma, ao hata wakiikosa, wataingia jeshini ao polisi. Tangu tarehe 3/11/2022, siku ambayo Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana wajiandikishe jeshini kwa ajili ya vita vya mashariki, masimulizi hayo yanarudi kila mara katika bweni.

Sisi hatuwalaumu wenzetu hao. Inchi bila walinzi ni nyumba bila mlango. Lakini sababu ambayo wengine wanaitoa, hiyo inatusumbua. Mmoja anasema: "Nikishavaa galoni, mutu gani tena ataniuliza?" Mwingine anaongeza: "Mwenye galoni hapana kulipa chombo, hapana kulipa nyama ku soko." Wanacheka, na wadogo wanasikiliza. Hilo si neno la kuchekea. Kama vijana waliosoma miaka 6 katika masomo ya Kikristo wanafikiri kwamba cheo ni ruhusa ya kula bila kulipa, basi nani atatengeneza inchi hii?

Wazo letu ni hili: galoni ni deni. Anayeivaa anadaiwa pande mbili. Anadaiwa utii na mkubwa wake, tena anadaiwa haki na mdogo wake. Akilipa upande mmoja tu, siku moja mambo yote yataanguka. Hatusemi hivi kwa akili zetu tu. Historia ya inchi yetu, na ya Maniema yenyewe, inashuhudia.

1. Bunduki bila sheria

Kuna wanafunzi wanaosema kwamba vyeo havina faida, kila mtu awe sawa na mwenzake, hakuna wa kuamuru. Tunawajibu kwa habari ya hapa hapa Nyangwe.

Tarehe 15/7/1871 soko lilikuwa limejaa kando ya Lualaba, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake waliokuja na biashara yao. David Livingstone alikuwapo siku ile, naye aliandika aliyoyaona. Watu wachache wenye bunduki, waliowatumikia wafanya biashara wa pembe na watumwa, walianza kupiga risasi katikati ya soko. Watu wakakimbilia vyombo, vyombo vikazama, wengi wakachukuliwa na maji. Wafanya biashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400.

Tujiulize: wale wenye bunduki walikuwa jeshi? Hapana. Kila mmoja alimfuata bwana wake, na juu ya mabwana hapakuwa na sheria wala hakimu. Hapakuwa na mtu wa kusema "Acha!" na bunduki zikanyamaza. Njo sababu tunasema kwamba cheo ni kinga ya raia kwanza, mbele ya kuwa heshima ya askari. Cheo kinafanya kila bunduki iwe na mtu wa kujibu juu yake. Leo pia, katika pori za mashariki, tunasikia vikundi ambamo mtu mwenye vijana 20 nyuma yake anajiita kolonele ao jenerali. Hiyo si galoni. Hiyo ni kitambaa tu, maana hakuna aliye juu yake wa kumwuliza deni.

2. Nidhamu inaweza nini

Mbele ya kuhesabu mabaya, inapashwa kusema mema pia. Baba wa babu zetu walioandikwa katika Force Publique, jeshi la wakati wa Wabelgiji, walionyesha nguvu ya nidhamu mbele ya dunia. Tarehe 19/9/1916 waliingia Tabora, katika inchi inayoitwa leo Tanzania, kiisha kuwashinda Wadachi. Nyuma yao kulikuwa wapagazi wengi sana, na wengi wa hao hawakurudi. Mwaka 1941 askari wa Kongo walitembea kupita Sudani mpaka Ethiopia, na mwezi wa 7 jenerali Gazzera wa Italia akajitoa mikononi mwao kule Saio, pamoja naye majenerali wengine 8.

Kikosi kilicho mbali na kwao, katika inchi ya lugha nyingine, hakiwezi kushinda kama kila mtu anapigana peke yake. Anayetazama mbele inapashwa ajue ni nani anamchunga nyuma. Anayebeba risasi inapashwa afike saa iliyosemwa. Hii njo nidhamu: kila mmoja anaweza kumtegemea mwingine hata wakati hamwoni.

3. Galoni bila haki

Sasa tuangalie upande wa pili. Jeshi lile lile lilikuwa na ugonjwa ndani yake tangu mwanzo.

Tarehe 4/3/1893 Dhanis aliingia Nyangwe, na mwezi wa 4 akaingia Kasongo. Katika vita vile alisaidiwa sana na Gongo Lutete na watu wake. Lakini mwaka ule ule, tarehe 15/9, Gongo Lutete alipigwa risasi kule Ngandu kiisha hukumu ya haraka ya ofisa mdogo. Wengi wa watu wake walikuwa wameingizwa katika Force Publique na kupelekwa Luluabourg, karibu na Kananga ya leo. Waliona mkubwa wao ameuawa, mshahara haufiki, na fimbo haikosi. Mwezi wa 7 mwaka 1895 waliasi, wakamwua komanda wao, na vita vya uasi ule vikaendelea miaka mingi.

Sisi hatusifu uasi. Damu nyingi ya watu wasio na kosa ilimwagika. Lakini mwanafunzi mwenye akili anauliza pia: nani alianza kuvunja kamba? Mkubwa aliyetaka kutiiwa bila kutenda haki aliikata upande wake kwanza. Kuna watu wanaochanganya nidhamu na fimbo. Fimbo inaweza kumfanya mtu asimame sawa mchana. Nidhamu inamfanya asimame sawa usiku pia, wakati hakuna wa kumwona.

4. Galoni bila njia ya kupanda

Somo la tatu ni la mwaka 1960. Siku ya uhuru, 30/6/1960, Force Publique ilikuwa na askari karibu 25,000. Maofisa walikuwa karibu 1,000, wote Wabelgiji. Mkongomani, hata kama alikuwa hodari namna gani, hata kama alitumika miaka 20, hakuweza kupita cheo cha ajida. Tarehe 5/7 jenerali Janssens aliwakusanya askari wake kule Léopoldville, akaandika ubaoni kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Siku ile ile moto ukawaka, ukafika kambi ya Thysville, kiisha ukaenea katika inchi.

Waziri mkuu Patrice Lumumba alijaribu kuuzima. Aliwapandisha askari wote cheo kimoja. Tarehe 8/7 Victor Lundula akawekwa mkubwa wa jeshi pahali pa Janssens, na Mobutu akawekwa chini yake kama mkubwa wa estado-major, ni kusema wa ofisi ya maongozi ya jeshi. Lakini moto haukuzimika. Juu ya nini? Tunafikiri hivi: wote wakipanda ngazi moja siku moja, hakuna aliyepanda. Cheo hakitengenezwi kwa tangazo. Kinatengenezwa kwa miaka ya mafunzo, na kwa kujua kwamba mlango wa juu hauna kufuli kwa ajili ya rangi, kabila wala ukoo. Wabelgiji walifunga mlango ule miaka 75, na Lumumba alipewa siku chache tu za kuufungua.

Mwaka uliofuata malipo ya kosa lile yalifika mpaka kwetu Maniema. Tarehe 11/11/1961, kule Kindu, askari walikamata Waitalia 13 waliokuja na ndege mbili za Umoja wa Mataifa, wakiletea kikosi cha Malaya vyakula na vyombo. Askari waliwadhania kuwa mamluki wa adui. Waliwaua wote. Hapakuwa na mkubwa ambaye neno lake liliwazuia. Watu wa Maniema walibeba aibu ile muda mrefu, hata wale ambao hawakujua neno lolote.

5. Galoni bila mshahara

Somo la nne wazazi wetu wanalikumbuka vizuri. Tarehe 23/9/1991 askari wa Kinshasa ambao mshahara wao haukuweza tena kununua hata chakula cha juma moja walitoka kambini na kuanza kunyang'anya, na raia wakawafuata. Mwezi wa 1 mwaka 1993 askari walilipwa na noti mpya ya zaire milioni 5. Wafanya biashara wakaikataa, na kunyang'anya kukaanza tena. Magazeni na viwanda vilivyovunjwa siku zile, vingine havikufunguliwa tena mpaka leo.

Na mara nyingine mshahara ulitoka, lakini ulipotea njiani. Kwa muda mrefu franga za askari zilipita mikononi mwa komanda wao. Wengine waliacha majina ya waliokufa na ya waliokimbia katika orodha, wakajitwalia malipo ya majina hayo. Njo sababu, kuanzia mwaka 2005, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia serikali kuhesabu askari upya, kuwapa karata, na kutenga njia ya mshahara na njia ya amri. Hilo ni jambo la akili sana. Anayekuamuru asiwe yeye anayeshika mfuko wako, maana akikuibia hutakuwa na pahali pa kulia.

Hapa tunajua swali litakalokuja: "Kama serikali haimlipi askari, atakula nini? Hapana atafute kwenye bariyeri?" Tunajibu: deni ni la serikali. Mama anayetoka shamba na kitunga cha mihogo kichwani hakumkopa askari kitu. Kumlipisha yeye ni kuhamisha deni kutoka kwa mwenye nguvu na kulitwika asiye na nguvu. Yohana Mbatizaji aliulizwa na askari wenyewe neno hili hili, na jibu lake liko katika Luka 3:14. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia wasimwonee mtu, na watosheke na mshahara wao. Nasi tunaongeza, kwa heshima, kwamba ili askari atosheke na mshahara, inapashwa mshahara uwepo.

6. Utii unaishia wapi?

Wengine watasema: kama mdogo anadaiwa utii, basi akiamriwa kupiga raia inapashwa apige? Hapana. Sheria ya inchi yetu imelijibu neno hili. Katiba ya 18/2/2006, katika kifungu cha 28, inasema kwamba hakuna anayelazimishwa kufuata amri ambayo wazi si ya sheria, na mtumishi wa serikali anafunguliwa katika utii wakati amri inapovunja wazi haki za watu. Maandiko nayo yamejibu zamani. Wazalishaji wa Waebrania katika Kutoka 1 waliamriwa na Farao wawaue watoto wanaume, wakakataa, na Mungu akawatendea mema.

Lakini tusidanganyane. Kifungu cha 28 si mlango wa mvivu. Kuamriwa kusimama zamu usiku katika mvua si kuvunja haki za watu. Kuamriwa kufagia kiwanja si kuvunja haki za watu. Anayetaka kukataa amri mbaya siku moja, inapashwa kwanza ajulikane kuwa mtu anayetii amri njema siku zote. Wazalishaji wale walikuwa hodari katika kazi yao, njo maana kukataa kwao kulikuwa na uzito.

Akida wa Kiroma katika Matayo 8 alilielewa neno hili kuliko wengi. Alipomwomba Yesu amponye mtumishi wake, hakusema tu kwamba ana askari chini yake. Alianza na kusema kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka. Na tuone tena: akida huyu alitoka nyumbani kwake kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mgonjwa, mtumishi wake, mtu wa cheo cha chini. Galoni yake ilimpeleka kuomba kwa ajili ya mdogo.

7. Na hapa kwetu?

Mtu atasema: makapita wanaandika juu ya majenerali, na maji ya jikoni haijachotwa. Ni kweli. Muhula huu wadogo wa kalasi ya kwanza na ya pili wamekataa mara kadhaa kushuka mtoni, wakisema kwamba wakubwa wanakaa katika kivuli na kuamuru. Wengine wa kalasi ya sita wanataka wadogo hao wapewe azabu kali. Sisi tunaona hivi: kukataa kazi ya wote ni kosa, na kosa linastahili azabu. Lakini azabu peke yake haitaleta maji kesho.

Tuangalie Wagenya wetu kwenye Lualaba. Katika chombo yuko anayesimama nyuma na kuongoza. Akisema "kulia", wote wanavuta kulia, hakuna anayebishana katikati ya maji makali. Lakini yeye pia ana kafi mkononi. Yeye pia anatoka jasho. Na chombo kikipinduka, yeye pia analowana. Watu wanamtii kwa sababu wako naye katika chombo kimoja.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu mbele ya Bwana Prefe na mkubwa wa nidhamu. Kwanza, kila Posho, siku ya kazi, kapita awe wa kwanza kubeba ndoo, kiisha aamuru. Pili, zamu za kazi ziandikwe na kubandikwa ukutani, ili kila mtu ajue siku yake, na hakuna anayechaguliwa kwa chuki wala anayeachwa kwa urafiki. Tatu, mdogo anayeona ameazibiwa bila haki afanye azabu yake kwanza, lakini awe na ruhusa ya kwenda kwa mkubwa wa nidhamu siku ile ile kusema neno lake, na kapita asimlipize kisasi. Tunajua kwamba wenzetu wengine katika ukapita hawapendi pendekezo la tatu. Tunawauliza: kama amri yako ni ya haki, unaogopa nini?

Na kwenu ninyi mnaotaka kuvaa nguo za serikali: nendeni, na Mungu awatangulie. Kananga iko Akademi ya Kijeshi, katika inchi ile ile ambayo askari wa 1895 waliasi. Kama mkifika pale ao katika kituo kingine, mtafundishwa kupiga saluti, kutembea kwa mstari na kufungua bunduki na kuifunga. Lakini jibu la swali moja inapashwa mwende nalo kutoka hapa: siku utakayosimama kwenye njia, na mama wa Nyangwe ao wa Kabambare akaja na kitunga chake, ataona nini machoni pako? Kama ataona mlinzi, utakuwa umelipa deni. Kama atateremsha kitunga na kuanza kufungua fundo la kitambaa ambamo ameficha franga zake, ujue kwamba unamwibia hata mbele ya kufungua kinywa.

Walimu wetu, tunaomba mtusahihishe kama tumekosea. Wadogo zetu, tunaomba mtupime kwa ndoo ya Posho inayokuja.

Wenu katika Kristo,
Makapita wa masomo, kwa mkono wa kapita mkuu, kalasi ya sita